Afrika Kusini 2024: mliojua mapema kwamba ANC itaenda na DA, mlikuwa mnaangalia nini?

Mtangazaji_Tanga

Wakuu, salaam.

Nina kipindi cha mambo ya kimataifa kwenye redio ndogo ya jamii huku Tanga. Baada ya uchaguzi wa Afrika Kusini wa Mei 29, 2024 nilifungua simu nikauliza: ANC imepata asilimia 40, haiwezi kutawala peke yake, itaungana na nani? Karibu wote waliopiga walisema Malema. Hoja yao ilikuwa moja, kwamba Malema ni mtoto wa ANC, wamegombana tu, na damu ni nzito kuliko maji. Wachache wakasema Zuma. DA, chama kikuu cha upinzani wakati huo kinachohusishwa na wenye mitaji, hakuna aliyeitaja isipokuwa bibi mmoja wa Chumbageni. Alisema "watakwenda na wenye pesa zao," akakata simu kabla sijamuuliza kwa nini.

Sasa nataka kuandaa vipindi kuelekea uchaguzi wao wa mabaraza ya miji, ambako vyama havifiki nusu karibu kila mahali. Sitaki kupiga ramli hewani. Je, kuna namna ya kukaa chini na karatasi ukaona nani ataungana na nani kabla hawajatangaza? Au ni lazima tusubiri wajifungie hotelini wagawane?

Nawasilisha.

Kisiki_Mkavu

Karatasi ya nini mkuu. Wenye mitaji waliamua, wengine wakaambiwa wasaini. Bibi wa Chumbageni kamaliza mjadala, mods fungeni uzi.

Mzee_wa_Warwick

Mdogo wangu Mtangazaji, umenikumbusha nyumbani. Mimi ni wa Ngamiani, ingawa Durban ndiyo imenizeesha. Nauza chaja, kava na vioo vya simu karibu na soko la Warwick, na pale dukani siasa haizimwi tangu asubuhi. Uzi usifungwe kwanza.

Anza na viti, achana na asilimia. Bunge lao lina viti 400, kwa hiyo wingi ni 201. ANC ilikuwa na 230 mwaka 2019, ikaangukia 159. DA 87, chama cha Zuma cha MK 58, EFF ya Malema 39, IFP 17, PA ya Gayton McKenzie 9, kisha kuna msururu wa vyama vyenye kiti kimoja hadi sita. Sasa wale wasikilizaji wako wape kalamu: 159 na 39 ni 198. Vimepungua vitatu. Vitatu tu, lakini ni lazima uvitoe kwa mtu, na mtu huyo akishajua kwamba bila yeye hamfiki, atataja bei anayotaka. ANC na DA ni 246. Hapo hata wabunge 40 wakiugua siku ya kura, mambo yanakwenda.

Hesabu peke yake haimkatai Malema. ANC, EFF na PA wangefika 207. ANC, EFF na IFP wangefika 215. Kalamu inakuonyesha yanayowezekana, basi. Baada ya hapo inabidi uanze kumtazama mmoja mmoja, na mimi huwa namtazama kwa hofu yake: huyu akikaa nje ya serikali, nani ataingia badala yake, na hilo linamnyima usingizi kiasi gani?

DA ilizunguka nchi nzima ikiwatisha wapiga kura wake kwamba ANC, EFF na MK wakiungana ndiyo kiama. Chama kinachowaambia watu wake hivyo kila siku hakiwezi kukaa pembeni kikaliacha jambo lenyewe litokee. Wangekuja kuulizwa walikuwa wapi. Na Steenhuisen, kiongozi wa DA wakati huo, alikuwa ameshalisema tangu Aprili 2023 kwenye mkutano mkuu wa chama chake: adui wa kisiasa namba moja ni EFF. Hakuitaja ANC. Agosti mwaka huohuo wakasaini mkataba na IFP, ActionSA na wengineo kuiondoa ANC madarakani, na magazeti yakaung'ang'ania mkataba ule hadi siku ya kura. Mimi niliing'ang'ania kauli ya Aprili. Mkataba wa wapinzani una nguvu wakishinda. Hawakushinda, kila mtu akashika njia yake, na IFP na DA wote wakaishia kwenye baraza moja la mawaziri na ANC.

Upande wa pili tazama nani amejifungia mlango mwenyewe. MK walisema wataongea na ANC, ila si ANC ya Ramaphosa. Sasa nani atapeleka ujumbe huo mezani? Waliotumwa kujadili walitumwa na Ramaphosa huyohuyo. EFF nao walitangaza kabla ya kura kwamba wanataka wizara ya fedha, na wanamtaka Floyd Shivambu aishike. Ukishataja bei yako jukwaani mbele ya umati, kuishusha chumbani ni aibu, na Malema si mtu wa kushusha.

Halafu saa. Wengi hawaitazami kabisa. Katiba yao inataka Bunge likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na kwenye kikao hicho cha kwanza limchague Spika na Rais. Matokeo yalitangazwa Juni 2, Bunge likakaa Juni 14. Wenzao wa Ulaya hujadiliana kwa miezi. Hawa walikuwa na wiki mbili kasoro, na siku za mwanzo zilimezwa na vikao vya ANC yenyewe, hadi Juni 6 Ramaphosa alipotoka kikaoni Boksburg akasema wanaalika vyama vyote. Muda ukiwa mfupi hivyo, anayepata ni yule mwenye viti vingi kwa mpigo mmoja. Kuviokota viwili hapa vitatu pale kunataka siku. ANC na DA walikubaliana siku yenyewe ya kikao, wabunge wakiwa wameshakaa kwenye ukumbi wa mikutano wa Cape Town, maana jengo lao la Bunge liliungua Januari 2022.

Kwa hiyo Kisiki, bibi wa Chumbageni ana chake. Randi ilikuwa inayumba wiki ile na ANC walikuwa wanaiona. Lakini mwenye mtaji hana kura ndani ya kamati kuu ya ANC, na humo walikuwamo wengi ambao jina la DA linawachefua. Ndiyo sababu haikuitwa mseto wa ANC na DA. Iliitwa serikali ya umoja wa kitaifa, wakaalikwa na IFP, PA, UDM, PAC, GOOD, Al Jama-ah na wengine hadi vikafika vyama 10, ili picha isiwe ya watu wawili. Jumlisha viti vya vyama hivyo: 287. Sasa toa 87 vya DA. Vinabaki 200. Kimepungua kimoja! Siku nilipoipiga hesabu hiyo nilicheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye. Unaweza kualika majirani wote, yule mkubwa bado anakushika shingo. Ramaphosa akachaguliwa kwa kura 283, Malema akapata 44.

Ila utamu wenyewe ulikuwa huku kwetu KwaZulu-Natal, na kama unataka mfano wa kuwafundishia wasikilizaji, tumia huu, maana namba zake ni ndogo. Bunge la jimbo lina viti 80. MK walipata 37, IFP 15, ANC 14, DA 11, EFF 2, NFP 1. Chama cha kwanza kimewazidi wa pili mara mbili na ushee, na mitaani kila mtu anasema premia, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, atatoka MK. Haya, hesabu. MK na EFF ni 39. IFP, ANC na DA ni 40. Anabaki mmoja, yule wa NFP. Akienda huku ni 41 kwa 39. Akienda kule ni 40 kwa 40.

Siku ile ya Juni 14 kikao cha Pietermaritzburg kilikuwa mubashara. Dukani alikuwapo mzee mmoja anayepanga foleni za teksi, amevaa fulana ya kijani ya MK, ameleta simu niibadilishe kioo. Kioo kilikwisha, hakuondoka. Alikuwa ameandika namba kwa kalamu ya wino kwenye kiganja, kila mbunge akiitwa kwenda kupiga kura anaweka nukta chini ya kidole gumba. Nikamuuliza anaweka za nini na kura ni ya siri. Akasema anahesabu waliobaki, ili ajue lini aanze kuomba Mungu. Ilipotangazwa 41 kwa 39, akalowesha kiganja kwa mate, akakisugua kwenye suruali, akanilipa hela yangu kamili bila hata kuomba kupunguziwa. Thami Ntuli wa IFP akawa premia.

Na utazame kwa nini IFP, si ANC. Kura zao zilikuwa karibu sawa, lakini IFP ilikuwa na kiti kimoja zaidi, na DA isingeweza kuwaambia watu wake wa Durban kwamba imemrudishia ANC jimbo. Kiti cha juu kilikwenda kwa yule ambaye wenzake wawili wangeweza kumtetea nyumbani kwao.

Sisi wageni huku tulikuwa na hesabu yetu wenyewe. McKenzie alifanya kampeni ya "abahambe", waondoke, na alisema waziwazi anataka Mambo ya Ndani, wizara inayotoa vibali vyetu. Kwa viti 9 alivyokuwa navyo nilijua hapewi: wizara ile ingekwenda kwa chama kikubwa. Akapewa michezo, sanaa na utamaduni. Mambo ya Ndani akapewa Leon Schreiber wa DA. Nililala.

Binti_Mkunazini

Mzee wa Warwick, shikamoo. Mie nataka kumuongezea kaka Mtangazaji jambo la kwetu Unguja, maana akitaja "serikali ya umoja wa kitaifa" redioni watu watadhani ni kitu kimoja.

Ya kwetu haitabiriwi kwa viti. Iliingizwa kwenye katiba ya Zanzibar mwaka 2010, baada ya kura ya maoni ya Julai 31 ambapo walioikubali walikuwa asilimia 66 na kitu. Aliyeshika nafasi ya pili, akitimiza masharti, chama chake kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hakuna kuchagua nani umtake. Kwa hivyo mtu wa kwetu hajiulizi nani ataungana na nani. Anajiuliza wataingia ama watasusa? Mwaka 2016 CUF waligomea uchaguzi wa marudio, serikali ikaenda bila ya wao. Disemba 2020 Maalim Seif akaingia, safari hii kwa ACT-Wazalendo, na watu wengi barazani walikuwa wameapa kuwa haingii.

Hapo hesabu ya hofu ya mzee inafanya kazi vizuri, ila hesabu ya kalamu haina kazi.

Otis_wa_Kondele

Wadau, Kenya tunafanya kinyume kabisa. Katiba ya 2010 inataka rais apate nusu ya kura na kura moja zaidi, tena asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, kwa hivyo muungano hufungwa kabla ya uchaguzi: NASA, Azimio, Kenya Kwanza. Baada ya kura unadhani hesabu imeisha, kumbe ndiyo inaanza. Julai 2024, baada ya vijana kujaza barabara, Ruto akawachukua Mbadi, Joho, Wandayi na Oparanya wa ODM, chama cha Raila, akawafanya mawaziri, na Machi 7, 2025 yeye na Raila wakasaini mkataba pale KICC. Aliyetabiri hilo mwaka 2022 alikuwa anaangalia nini? Hakukuwa na upungufu wa viti. Alikuwa anaangalia tu kwamba kila rais wetu alipobanwa na barabara alimtafuta Raila. Kibaki 2008, Uhuru 2018, Ruto naye.

Kwa hivyo Mzee, usiseme anza na viti kila mahali.

Mzee_wa_Warwick

Otis, nakubali kwa Kenya. Rais anayechaguliwa na wananchi haondoki kwa sababu ya upungufu wa viti. Afrika Kusini Rais anachaguliwa na Bunge, ndiyo maana naanza huko. Mtangazaji, hilo ndilo swali la kwanza kabisa kabla ya kalamu: mkuu wa serikali anawekwa na nani, na anaondolewa na nani.

Mtangazaji_Tanga

Shukrani sana wakuu, na Binti umeniokoa, ningechanganya kweli.

Mzee, nina kitu kinanisumbua. Umesema bila DA wanabaki 200. Lakini Aprili 2025 DA walipinga mpango wa bajeti na bado ulipita. Sasa ile shingo waliyoishika iko wapi?

Mzee_wa_Warwick

Swali zuri, na ndipo wachambuzi wa televisheni wanapojikwaa.

Namba ya 201 ni ya kumng'oa Rais. Kura ya kutokuwa na imani inahitaji wingi wa wabunge wote 400, waliokuja na wasiokuja. Lakini kumchagua, na kupitisha mambo kama ule mpango wa bajeti, wanahesabu kura zilizopigwa. Aprili 2, 2025 ulipita kwa 194 dhidi ya 182. Angalia, 194 haifiki 201 na bado umepita. ActionSA na BOSA, ambao hawamo serikalini, waliipigia ANC kura wakasukuma tela hadi ng'ambo.

Ndiyo pia sababu MK waliposusia kikao cha kwanza, baada ya Mahakama ya Katiba kukataa ombi lao la kukizuia, hawakumdhuru Ramaphosa hata chembe. Viti 58 vilikaa vitupu, na vitupu havihesabiwi. Walimpunguzia mlima.

Ukiwa na kanuni kama hizo, ANC ingeweza hata kutawala peke yake kwa viti 159, ikiomba kura kila wiki kwa huyu na yule. Walilijadili. Walikwenda na DA kwa sababu walitaka walau wasiwe wanalala na kiatu mguuni. Na shingo ipo: bajeti ile ilipita, lakini nyongeza ya VAT iliyokuwa ndani yake, kutoka asilimia 15 hadi 15.5, iliondolewa kabla ya mwisho wa mwezi huohuo, DA ikiwa imeshakwenda mahakamani na hao ActionSA wakisema kura yao ilikuwa na masharti. Kwa hiyo unapotabiri nani ataungana, weka pembeni orodha nyingine ya walio nje lakini hukodishwa kwa kura moja moja. Mara nyingi hao ndio wanaoamua muungano utadumu au la.

Kisiki_Mkavu

Haya mzee nimekusikia. Sasa mbona jimboni Gauteng ni ANC hiyohiyo na DA hiyohiyo na hawakuelewana? Hesabu ya hofu ilikwenda likizo?

Mzee_wa_Warwick

Haikwenda. Gauteng ANC ilipata viti 28 kati ya 80, DA 22. Lesufi alikuwa premia anayejiamini, na watu wake wa vitongojini wanamtaka awe mgomvi wa DA; ndiyo jina lake la kisiasa. DA nao walitaka mawaziri kulingana na wingi wa viti vyao. Jimboni hakuna randi ya kuporomoka wala mabalozi wa kuuliza maswali. Kwa hiyo Lesufi akaunda serikali ya wachache na IFP, PA na Rise Mzansi, akaiacha DA nje. Usidhani makubaliano ya juu yanashuka chini yenyewe. Kila ngazi ina woga wake.

Na hilo linanirudisha kwenye mabaraza ya miji, Mtangazaji, maana ndiko unakokwenda. Huko usitafute chama kikubwa kitakachokuwa na meya. Johannesburg, Januari 2023, ANC na EFF walikuwa na viti vingi lakini hakuna aliyekubali mwenzake akae kwenye kiti. Wakampa Thapelo Amad wa Al Jama-ah, chama chenye madiwani 3 kati ya 270. Alipojiuzulu Aprili, Mei wakampa mwingine wa chama hichohicho, Kabelo Gwamanda, naye akakaa hadi Agosti 2024. Huku Durban baada ya uchaguzi wa 2021 ANC ilikuwa na 96 kati ya 222, na naibu meya akatoka ABC, chama chenye madiwani wawili. Wawili! Mwenye wawili hamtishi mtu, na akileta kiburi unamtoa bila vita. ABC walipoachana na ANC, hicho ndicho kilichotokea.

Kwa hiyo matokeo yakitoka, chukua daftari. Mabaraza nayo hukutana ndani ya siku 14. Andika vyama viwili ambavyo kila kimoja hakiwezi kuvumilia kingine kiwe na meya lakini pamoja vinafika nusu. Kisha shuka chini ya orodha, kwenye wale wenye madiwani wawili watatu ambao hakuna gazeti linalowapigia simu. Hao wapigie wewe. Wengi wana namba zao kwenye mabango ya kampeni, na wanapenda kuongea na redio za nje.

Mtangazaji_Tanga

Mzee, ya kupiga simu kwenye namba za mabango nimeiandika. Nikikwama kwenye Kiingereza chao cha haraka au Kizulu, nakutafuta.

Mzee_wa_Warwick

Nitafute jioni, baada ya saa kumi na mbili. Mchana ni vioo.